Waya Kinywani mwa Marcelline

Adalbert alikuja na mishikaki ya mbuzi iliyofungwa katika jani la mgomba, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye pindo la mkono wa shati lake jeupe. Mwanamume mwenye akili zake hapeleki nyama choma mbele ya msichana aliyefungwa meno kwa waya. Lakini Adalbert alikuwa karani katika biro, ofisi ya mzungu mmoja, mwenye tai, miwani na kofia ya kizungu, na watu wa namna yake hawajiulizi mambo madogo kama hayo. Alijitupa kwenye kiti cha Papa Cirhuza, baba wa msichana, akafungua jani, akaanza kutafuna.

Marcelline alimtazama. Alikuwa na macho makubwa, na tangu alipokonda yalizidi kuwa makubwa, hata wanawake wa mtaa wao wa Kadutu walisema ugonjwa umempamba. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa bado na uvimbe kidogo. Daktari alikuwa ameunga mfupa wa taya uliovunjika, kisha akayafunga meno ya juu na ya chini pamoja ili taya isitikisike hadi ipone. Uji, maziwa, mchuzi wa maharage uliochujwa kwa kitambaa, vyote vilipitia kwenye mrija. Shingoni alivaa koleo dogo lililofungwa kwa uzi, ili akitapika au akipaliwa akate waya upesi, asife kwa kukosa pumzi. Alilala nalo na kwenda nalo kanisani.

Harufu ya nyama ilimjaza mate, naye aliyameza taratibu, kwa sababu hata kumeza mate kulikuwa kumegeuka kazi.

"Unakonda, sheri wangu, lakini unazidi kuwa muzuri," Adalbert alisema huku akinyonya mfupa. "Jumapili bataleta kasiksi. Bazee bote bameitika."

Marcelline aliinamisha kichwa kama msichana mwenye haya anayesikia pombe ya ndizi ya uchumba wake ikitajwa. Adalbert akatazama mlangoni. Maman Séraphine, mama wa Marcelline, alikuwa ameshuka sokoni, na nyumba ilikuwa kimya. Hapo sauti yake ikapungua, kama ilivyokuwa ikipungua kila alipokuja, kwa maana mtu mwenye siri hutafuta sikio, na yeye alikuwa amepata sikio lisilo na kinywa. Ndivyo alivyoamini.

"Ile tukutuku ingali kwa shangazi, Miti. Mu kile kibanda anaivishaka ndizi za pombe, chini ya majani. Tukishaoana, nitaitupa mu ziwa. Muzungu wangu anaamini sentinele wake wa geti njo aliiuzisha. Bamemufunga mu buloko. Ni muzee tu, haina neno."

Akafuta vidole kwenye jani, akamshika Marcelline shavu zima, si lile bovu, akamwambia asiwe na wasiwasi, yeye amepanga kila kitu. Kisha akaondoka, akaacha vijiti na harufu.

Marcelline aliokota vile vijiti kimoja kimoja, akavitia motoni, akasimama kuviangalia vikiungua mpaka vikawa majivu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumapili moja, kabla ya mvua kubwa za mwaka ule wa hamsini na saba, Adalbert alichukua pikipiki ya bwana wake, hiyo tukutuku, bila ruhusa, akaenda kumngoja Marcelline mwisho wa barabara. Marcelline alikuwa amemwambia mama yake kwamba anakwenda kwa miguu kumsalimia shangazi wa mchumba, Maman Eulalie, kule kijijini Miti. Walifika Miti, Adalbert akanywa kasiksi, akarudia, akaongeza. Wakati wa kurudi, kwenye kona moja yenye tope, wakaanguka wote wawili. Taya ya Marcelline ilipiga jiwe.

Alilala pale barabarani, damu ikimjaa kinywani, na macho yake yakiona vizuri kabisa. Alimwona Adalbert akinyanyuka. Alimwona akienda kwenye pikipiki, akiiinua, akipangusa taa iliyovunjika kwa leso yake, akizungushazungusha usukani kuona kama umepinda. Baada ya hapo ndipo alipogeuka kumtazama yeye. Akasema anakwenda kuita mtu. Akawasha pikipiki, akarudi upande wa Miti.

Hakuita mtu. Wanawake wa Kabare waliobeba makaa ndio waliomkuta msichana yule, wakafunga vitenge vyao kwenye miti miwili kama kipoyi cha kubebea mgonjwa, wakamfikisha hospitali. Jioni Adalbert akatokea wodini akilia machozi ya kweli, akawasimulia wazazi jinsi Marcelline alivyoteleza katika tope akienda kwa shangazi, jinsi yeye alivyopata habari na kukimbia mbio kama kichaa. Papa Cirhuza alimkumbatia. Marcelline alikuwa kitandani, uso umevimba, hawezi kutoa hata neno moja. Kalamu hakuijua, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki nyumbani kulea wadogo zake wakati wengine wanakwenda shule kwa masista, na Adalbert alilijua hilo vizuri.

Siku ile Marcelline aliweka nadhiri ya kulipiza. Hakuiweka kwa Bikira Maria, maana aliona aibu kumhusisha na jambo la namna ile. Aliiweka kwa taya yake mwenyewe.

* * *

Mtu aliyejua kwamba Marcelline anaweza kusema alikuwa mmoja tu, naye ni Grégoire.

Grégoire alikuwa muuguzi, kijana mrefu, mpole wa mikono, mwenye tabia ya kujikuna kidevu kila anapofikiri. Ndiye aliyemfundisha kujitunza. Alimfundisha kulala ameegemea mito ili uvimbe ushuke. Alimfundisha kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kila baada ya uji, kuvuta maji yapite katikati ya meno kisha kuyaacha yatoke yenyewe. Kupaka mafuta midomoni isipasuke. Kushika kidevu kwa viganja viwili kabla ya kupiga chafya. Ncha za waya zilipoanza kumchana ndani ya shavu, Grégoire aliomba vipande vya mshumaa kanisani, akalainisha nta kwa vidole vyake, akazifunika ncha moja baada ya nyingine. Marcelline aliona vidole vile karibu sana na macho yake, na moyo ukamwenda mbio kiasi kwamba aliogopa asije akasikika.

Tena ndiye aliyemwonyesha kwamba meno yakifungwa, ulimi na midomo havijafungwa. Jaribu, alimwambia, polepole, kama unapuliza moto. Marcelline akajaribu. Neno la kwanza lililotoka katikati ya waya, likifoka kama maji yanayomwagikia motoni, lilikuwa "njaa". Grégoire alicheka mpaka akaegemea ukuta. Halafu akaona machozi machoni mwa msichana, akanyamaza, akaleta maziwa.

Kuanzia hapo walizungumza, chini chini, kila alipokwenda hospitali kuangaliwa. Marcelline akamwomba asimwambie mtu yeyote. Grégoire alishangaa, lakini akakubali. Alidhani ni haya za msichana anayeona aibu ya sauti yake mbovu. Naye Marcelline akamwacha adhani hivyo. Alimwambia tu kwamba yule karani hatamwoa, kwamba asijali pombe wala wazee, kwamba siku pombe itakapoletwa aje Kadutu asimame karibu na ua, ataona.

Ijumaa ile, siku moja baada ya mishikaki, Marcelline alimkuta Grégoire macho mekundu. Alikuwa akichanganya chumvi kwenye maji.

Akamuuliza ana nini.

"Natoka ku buloko," Grégoire alijibu. "Napelekeaka papa chakula. Bananizuia kumuona."

Akaeleza kwa maneno machache, kwa aibu, kama mtu anayekiri deni. Baba yake, mzee Mushagalusa, alikuwa sentinele, mlinzi wa usiku, kwa mzungu mmoja. Pikipiki ya mzungu ilipotea uani, na aliyelala getini alikuwa yeye. Mzee anaapa hakuona kitu. Nani atamsikiliza sentinele?

Marcelline alikuwa ameanza kusukutua, na maji ya chumvi yakamchoma ndani ya shavu. Kichwani alikiona kile kibanda cha Miti, majani ya migomba, na magurudumu yaliyofichwa chini yake. Neno moja tu. Angesema neno moja, na Grégoire angetimua mbio kutoka pale, na kabla ya jua kuzama mzee angekuwa nyumbani kwake.

Lakini aliona na mambo mengine. Pikipiki ikipatikana leo, Adalbert atasikia leo. Usiku atakuja kwa Papa Cirhuza, atapiga magoti, atalia yale machozi yake ya kweli, ataomba msamaha mlango ukiwa umefungwa. Wanaume watazungumza. Papa Cirhuza, ambaye tayari alikuwa anawaona ng'ombe wa mahari kila anapofumba macho, atasema kijana ni kijana, na kosa limekwisha. Na Jumapili pombe italetwa vile vile. Hapana. Marcelline alitaka Adalbert asimame mbele ya watu wote, aseme uongo wake kwa kinywa kilichojaa nyama, na ashuke kutoka juu kabisa. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa uji mwembamba. Aliitamani kuliko nyama.

Grégoire alikuwa akimtazama.

"Marcelline. Uko na jambo unajua."

Marcelline aliangalia bakuli la maji.

"Niambie. Ni papa yangu."

"Ngoja Jumapili," Marcelline alisema katikati ya meno.

"Jumapili ya pombe yenu itamusaidia papa nini? Yeye analala chini, ku sakafu ya sima, mu baridi. Kama unajua kitu, sema leo."

Ndipo Marcelline alipofanya lile ambalo baadaye angelilia. Alimtazama yule kijana aliyempa sauti, akatikisa kichwa polepole, macho matupu, midomo imefungwa, vile vile kabisa alivyokuwa akimtikisia Adalbert.

Grégoire aliacha kukoroga. Akaweka bakuli la maji mezani.

"Mbele ya bengine, sawa," alisema. "Mbele yangu usijifanye bubu."

Akatoa kipande cha nta mfukoni, akakiweka kiganjani mwake bila kumgusa, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Marcelline alishika njia ya kurudi akijiambia kwamba ni siku chache tu, kwamba mzee amekwisha kungoja na anaweza kungoja tena, kwamba Grégoire mwenyewe atamshukuru. Alijiambia hayo mpaka Kadutu.

* * *

Jumapili baada ya misa, mlima wa Kadutu ulijaa watu wa Miti. Walipanda kwa tabu kwenye njia yenye utelezi, mitungi ya kasiksi vichwani, Maman Eulalie mbele yao, mwanamke mnene mwenye kitenge kipya na sauti ya kuamrisha. Uani kwa Papa Cirhuza viti vilikuwa vimeazimwa kwa majirani wote. Ng'ombe walikuwa wamebaki Miti, wakingoja neno tu.

Maman Séraphine alikuwa amemvalisha binti yake gauni la buluu. Alipokuwa akimfunga kitambaa kichwani alisema na mumewe, aliyekuwa mlangoni, kwamba wangengoja mtoto apate kinywa chake. Mtu anaolewaje bila sauti?

"Ng'ombe hazingojake," Papa Cirhuza alijibu. "Na huyu kijana amemuangalia mutoto yangu mu ugonjwa. Mwengine angekimbia."

Marcelline alisikia hayo na kutabasamu bila kufungua midomo.

Kwa desturi ya nyumba ile, pombe ya uchumba hainywewi mpaka msichana aulizwe mbele ya pande zote mbili. Anaulizwa kama pombe ile inywewe, naye hujibu kwa sauti, ili kesho asiwepo wa kusema alilazimishwa. Sasa wazee wakapata shida. Papa mukubwa Apollinaire, kaka mkubwa wa Papa Cirhuza na msemaji wa ukoo, alijikuna kichwa, akashauriana na wenzake, wakazungumza kwa muda mrefu, kisha akatangaza kwamba wamepata njia. Mtoto hawezi kusema, lakini kunywa anaweza, na kila mtu anajua anakunywa kwa mrija. Basi mirija miwili itatiwa katika mtungi mmoja, wa kijana na wa msichana. Msichana akinywa, amejibu.

Watu wakapiga makofi, wakaona wazee wana hekima. Hakuna aliyegundua kwamba wamempa msichana njia ya kukubali, na ya kukataa wameisahau.

Lakini kwanza kijana alipaswa kujieleza. Adalbert akasimama, akashika tai. Alikuwa amependeza, lazima tuseme ukweli. Akachanganya Kifaransa, akamtaja Mungu, akafika kwenye ile siku ya tope. Alisimulia jinsi Marcelline alivyotembea peke yake kwenda kumsalimia shangazi, jinsi alivyoteleza. Alisimulia alivyokimbia. Alieleza jinsi alivyokuja kila mara kumkalia karibu, kumtia moyo, kumwonea huruma asiyeweza kula.

"Bengine baliniambia nitafute mwengine, mwenye uso mzima," alimaliza, sauti ikitetemeka. "Nilikataa. Mutu anayependa haachake mwenzake mu njia."

Wanawake wawili walijifuta machozi. Marcelline alitazama kando ya ua. Grégoire alikuwa amekuja. Alisimama nyuma ya watu, mikono imefungwa kifuani, wala hakumtazama.

Mtungi ukaletwa. Mirija miwili ikatiwa. Apollinaire akauliza, kama desturi inavyotaka, kwa sauti ya ukoo mzima.

"Marcelline, mutoto wetu. Hii pombe tuikunywe?"

Marcelline alipiga magoti mbele ya mtungi. Adalbert alikuwa tayari ameinama upande wa pili, mrija mdomoni, macho yakicheka. Marcelline akanyoosha mkono. Hakuugusa mrija wake mwenyewe. Aliuchukua ule wa Adalbert, akauchomoa polepole kutoka katikati ya midomo yake, akauvunja, akauweka chini.

"Hapana," alisema.

Sauti ilitoka katikati ya waya, nyembamba, yenye kufoka, lakini hapakuwa na mtu uani ambaye hakuisikia. Maman Séraphine alishika kifua. Apollinaire akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyesikia mtungi wenyewe ukizungumza.

"Papa mukubwa, umeniuliza, najibu. Sikuteleza. Nilikuwa nyuma yake ku tukutuku ya muzungu wake. Alikuwa amelewa. Tulianguka." Alipumzika, akavuta pumzi puani, kisha akamgeukia Adalbert. "Miye nilikuwa chini, damu mu kinywa. Na weye uliinua tukutuku kwanza."

Adalbert alisimama. Alisema msichana ana homa, kwamba dawa za hospitali zimempanda kichwani, kwamba watu wamlaze ndani. Alimsogelea amshike mkono. Papa Cirhuza aliingia katikati yao.

"Muache aseme."

"Tukutuku iko Miti," Marcelline aliendelea. "Mu kibanda cha Maman Eulalie, kile cha kuivisha ndizi, chini ya majani. Aliniambia kwa kinywa chake mwenyewe, anakula nyama mbele yangu. Na muzee mwenye bamefunga kwa ajili yake, hana kosa."

Watu wote wakamgeukia Maman Eulalie. Mwanamke yule mwenye sauti ya kuamrisha alikuwa amekunja kitenge chake mikononi kama anayekikamua maji. Hakumtazama Marcelline. Alimtazama mtoto wa kaka yake.

"Adalbert," alisema. "Ulituambia huyu hatasema."

Haikuhitajika zaidi. Papa Cirhuza aliinama, akaukumbatia mtungi kwa mikono miwili, akaumwaga wote, na kasiksi ikateremka mlimani ikipita miguuni mwa watu wa Miti. Hakuna aliyemzuia.

Adalbert alichukua kofia yake, akaondoka bila kuaga, haraka, akajaribu kushika njia ya mkato. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeifanya njia ile kama sabuni. Hapo chini tu, mbele ya macho ya majirani wote, miguu yake ilimtoka, akaenda kwa makalio mpaka kwenye mtaro. Kofia ikabiringika. Hakuna aliyekwenda kumsaidia. Marcelline alisimama ukingoni mwa ua akiangalia, na furaha aliyoisikia ilikuwa tamu na kali kiasi cha kumtia kizunguzungu. Adalbert alinyanyuka, tope mpaka mgongoni.

Kofia ndiyo aliyoiokota kwanza. Hata miwani yake, iliyolala karibu na goti lake, aliisahau.

Marcelline aligeuka, uso umejaa ushindi, amtafute Grégoire acheke naye. Mahali alipokuwa amesimama palikuwa wazi. Jirani mmoja akamwambia kijana yule ameondoka zamani, tangu aliposikia habari ya kibanda, na hakutembea, alikimbia.

* * *

Siku ya kutoa waya ilifika. Daktari alitazama, akaridhika, akamwachia Grégoire kazi iliyobaki.

Grégoire alikata waya mmoja baada ya mwingine kwa uangalifu ule ule wa zamani. Alimwambia afungue kinywa kidogo, asilazimishe. Alimwambia taya itakuwa ngumu, aizoeze polepole. Alimwambia aendelee na vyakula laini. Yote hayo aliyasema akiangalia meno, wala si macho.

Kinywa cha Marcelline kilifunguka nusu ya kidole. Hewa baridi iliingia, ikamshangaza.

"Papa yuko namna gani?" aliuliza. Hakutaka hilo liwe neno lake la kwanza. Alikuwa ameandaa mengine.

"Yuko nyumba. Balimutosha mu buloko Jumatatu, tukutuku ilipoonekana."

"Namshukuru Mungu."

Grégoire aliweka koleo sahanini.

"Jumamosi balimupiga," alisema. "Balitaka aseme fasi gani aliuzisha tukutuku. Jumamosi, Marcelline. Balimuvunja meno."

Marcelline alifumba macho. Ijumaa alikuwa amesimama pale pale, bakuli la chumvi mbele yake. Kwa mara ya kwanza alijua kunyamaza kwa kweli kulivyo, si kule kwa kuigiza. Aliomba msamaha hata hivyo, kwa sauti ambayo bado ilikuwa ngeni masikioni mwake. Akamwambia anampenda, akaona aibu, akarudia.

Grégoire alijikuna kidevu. Mkono wake ulinyanyuka kidogo, kama unaotaka kuligusa lile shavu, kisha ukarudi.

"Na miye nimefungwa waya sasa," alisema. "Yangu, dakitari hajasema siku."

Akamfungulia mlango.

Kesho yake, jua likiwa bado halijafika bondeni, Marcelline alikuwa jikoni kwa mama yake akikoroga uji wa mtama na maziwa. Aliuchuja kwa kile kile kitambaa kilichochuja wa kwake. Maman Séraphine aliuliza ni wa nani, akajibiwa, akaongeza asali bila kusema lolote. Marcelline akafunika chungu, akachagua mrija ulio laini, akapanda mlima hadi kwenye nyumba ndogo ya mzee Mushagalusa.

Mzee alikuwa ameketi mlangoni kwenye jua. Alikuwa mwembamba, upande mmoja wa uso umevimba, midomo imepasuka. Marcelline aliujua uvimbe ule kama anavyoijua sura yake mwenyewe kwenye kioo. Alipiga magoti, akajitaja jina na la baba yake, akasema yeye ndiye aliyejua mahali pikipiki ilipo na hakusema mapema. Hakupunguza kitu.

Mzee alimtazama, kisha akakitazama chungu. Labda alikuwa amekwisha kusikia. Labda njaa ilikuwa kubwa kuliko hasira. Akanyoosha mkono, akapokea mrija.

Marcelline alishika chungu kwa mikono miwili, akakiinamisha taratibu, kwa maana alijua kasi gani inauma na kasi gani haiumi. Alimwonyesha pa kuuweka mrija, pembeni, mbali na kidonda. Mzee alikunywa kidogo, akapumzika, akanywa tena. Alipomaliza, Marcelline alimfuta midomo kwa kona ya kitenge, akatoa mafuta aliyokuja nayo.

Ndani ya nyumba hatua zikasikika. Grégoire alitokea mlangoni, shati la kazi mkononi, tayari kwenda hospitali. Alimwona baba yake. Aliona chungu kitupu, mrija, na yule msichana aliyepiga magoti na vumbi kwenye gauni. Marcelline hakuinua uso. Alingoja afukuzwe.

Grégoire alipita kando yake, akavaa shati, akafunga vifungo vyote hadi cha mwisho. Kisha akasimama, mgongo wake ukiwa kwao, akasema: "Usisahau kumusukutua na chumvi."

"Siwezi kusahau," Marcelline alijibu.

"Na kesho, mtama uwe mwepesi zaidi," alisema Grégoire, akaanza kuteremka njia ya hospitali.